Kibanda Hakiwekwi kwa Urembo

Ubishi ulikuwa juu ya kibanda kinachoenea kwenye kiganja cha mkono. Wanaume wawili wenye mvi na wajukuu walikuwa wamekinunia tangu chai ya asubuhi, kila mmoja ameshikilia upande wake wa meza na hakuna aliyekuwa tayari kulegeza kamba.

Mmoja alikuwa mwenye nyumba. Maisha yake yote ya kazi aliyamalizia ndani ya kibanda cha ishara cha stesheni, akivuta vyuma virefu vilivyogeuza njia za reli na kuinua au kuinamisha mikono ya ishara, ili madereva wajue wapite au wasimame. Mwingine alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye alikuwa dereva wa treni mpaka siku alipoambiwa si dereva tena. Huyu wa pili watu walimwita Pita-Tu. Jina hilo hakulipenda, lakini lilikuwa limemganda, na siku hizi hata muuza magazeti, ambaye hana habari lilikotoka, humwamkia kwa adabu zote: shikamoo, Mzee Pita-Tu. Naye huitikia marahaba.

Juu ya meza kulikuwa na stesheni yao nzima. Ile ya kweli ilikwisha kufa zamani. Reli ziling'olewa zikauzwa kwa uzito, jukwaa likaota majani. Wazo la kuifufua kwa mbao na kadibodi lilikuwa la mwenye nyumba. Alikitoa kitanda cha watoto waliokwisha oa na kuolewa, akakifanya chumba cha nyuma kuwa karakana, na akamwita shemeji yake kwa kuwa Pita-Tu, baada ya kufukuzwa reli, alijifunza useremala na ana mkono mwepesi. Wakakata mataruma ya kulazia reli kutoka vijiti vya kiberiti. Wakatengeneza majani kwa unga wa mbao uliochovywa rangi ya kijani. Treni yenyewe waliinunua, ndogo, ya umeme, ikizunguka ililia kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa.

Mwenye nyumba alikuwa mtu wa kukera katika kazi hiyo. Hakutaka kitu cha kubuni. Benchi la jukwaani alilirudisha mara tatu kwa sababu la kweli liliegemea kidogo upande wa kushoto. Kwenye ukuta wa ghala la mizigo alipaka mwenyewe, kwa brashi ya unywele mmoja, kiraka cha matofali mapya katikati ya yale ya zamani, kwa kuwa ndivyo ukuta ule ulivyokuwa. Hata kile kibao cha kukataza watu wasioajiriwa kibandani wasipande ngazi alikiandika, herufi zake hazisomeki bila miwani. Ukimwambia inatosha, anakujibu kwamba kama ni kudanganya si bora wangenunua picha ya ukutani.

Sasa kilibaki kibanda tu. Pita-Tu alikichonga kwa mapenzi, na ngazi zake nyembamba zilimtoa jasho. Alitaka kiwekwe mwisho wa jukwaa, karibu na tangi la maji, mahali ambapo mtu akiingia chumbani tu macho yake yanakiangukia. Jumamosi wastaafu wenzao wangekuja kuiona stesheni yao: mkuu wa stesheni wa zamani na mkongojo wake, makanika wawili, mkata tiketi, wote waliobaki. Pita-Tu hakuwa amekaa nao meza moja tangu alipofukuzwa. Alitaka, angalau mara moja, wamwangalie kwa sababu ya kitu kizuri.

Shemeji yake akasema haiwezekani. Alieleza kwa subira ya mwalimu aliyechoka kwamba aliye ndani lazima azione swichi zake, pale njia zinapogawanyika; kwamba nyaya zinazotoka kwenye vyuma vyake kwenda kwenye milingoti hazitaki kona nyingi, zikikwaruza zinamvunja mtu mgongo; na kwamba kibanda kikikaa mwisho wa jukwaa, abiria wangemjazania mlangoni kumuuliza saa. Akachukua penseli akachora duara dogo upande wa pili wa reli, mbele ya swichi, nyuma kidogo ya ghala la mizigo.

"Hapa," akasema. "Shemeji, kibanda hakiwekwi kwa urembo. Kinawekwa kwa macho."

Pita-Tu alinuna, lakini maneno yenyewe yalimwingia. Hakuwahi kupanda kwenye kile kibanda. Dereva hukipita tu kwa chini, anapunga mkono, anauona uso dirishani, basi. Kibao kile cha ngazini alikiheshimu miaka yote.

Hapa inabidi kusimulia alivyolipata jina lake, maana yeye mwenyewe hawezi.

Asubuhi moja alikuwa anaingia stesheni na treni ya abiria. Kabla ya kona ya ghala kulikuwa na mlingoti wenye mkono wa bati. Mkono ukinyooka kando, dereva asimame, ukiinama, apite. Yeye aliuona umeinama. Akapita, akakata kona, na kwenye njia ileile akakuta mabehewa ya mizigo yamesimama yakingoja kupakuliwa. Alifunga breki mpaka magurudumu yakapiga kelele. Injini iliyabamiza mabehewa, ikaruka reli, ikaenda kugota ukuta wa ghala. Abiria walitoka na michubuko na hofu. Msaidizi wake, mtu mcheshi ambaye wakati ule alikuwa ameinama akimimina chai, alipoteza mguu.

Wakubwa walikuja kutoka makao makuu na suti zao, wakakaa kwenye chumba cha abiria wa daraja la kwanza, chini ya feni. Hakuna aliyejisumbua kupanda kibandani. Ngazi zilikuwa na grisi. Waliuliza nani aliuona mkono wa ishara. Msaidizi hakuuona, alikuwa na chai yake. Dereva akasema uliinama. Kisha akaitwa mtu wa kibanda, rafiki wa Pita-Tu tangu siku walipoajiriwa pamoja, wakati huo bado hajaoa. Akala yamini. Akasema mkono ulikuwa umenyooka, na kwamba aliuona kwa macho yake mawili kutoka dirishani kwake. Alipokuwa akisema alilia machozi ya kweli, akajifuta kwa kofia.

Machozi yale ndiyo yaliyommaliza Pita-Tu. Angekuwa ametoa ushahidi kwa ukali, au kwa kujidai, wangegombana, na pengine dereva angesimama na ukweli wake mpaka mwisho. Lakini rafiki anayelia huku anakutaja, utamwitaje mwongo? Pita-Tu akajiambia kwamba kama huyu analia, basi ni mimi niliyekosea. Akaliachia lile alilokuwa ameliona, akachukua la mwenzake. Akafukuzwa kazi, na wenzake wakambandika jina la Pita-Tu, mtu wa kupita tu hata ishara ikimkataza. Wiki ile ile alikwenda kumwomba radhi kwa kumweka katika hali ya kumshuhudia rafiki yake. Mwenzake akamshika bega, akamwambia yameisha.

Tangu hapo hakuyaamini tena macho yake. Alikwenda kwa daktari wa macho akitumaini kuambiwa ana upofu wa aina fulani. Daktari akamsifu, akamwambia anaona kama kijana. Badala ya kufurahi alirudi nyumbani akalala bila kula, maana sasa hakubakiwa hata na kisingizio. Akinunua rangi dukani anamtaka muuzaji aitaje jina. Kuvuka barabara ndiyo usiseme: husimama ukingoni, hata kama hakuna gari wala baiskeli, mpaka atokee mtu mwingine avuke, ndipo naye amfuate. Watoto wa mtaani wanaijua tabia hiyo na humcheka. Msaidizi wake hakuipokea salamu yake mpaka alipokufa. Na mwaka uliofuata, rafiki yake wa kibandani alipoleta posa kwa dada yake, Pita-Tu ndiye aliyesimama kama kaka mkubwa akakubali, akiona hiyo ni heshima kubwa kwa familia yenye mtu kama yeye.

Basi, turudi mezani. Ubishi ulikuwa umepoa, na Pita-Tu, ambaye hanuni kwa muda mrefu, aliamua kukijaribu kile alichoambiwa. Kibanda hakikuwa na paa bado. Paa lilikuwa dirishani likikausha rangi. Ukuta wa nyuma aliuacha wazi kwa ajili ya kupachika vyuma vidogo. Akakiweka juu ya duara la penseli, akashika ukingo wa meza, akapiga magoti. Goti lake bovu likalia. Shemeji yake akamtania kwamba grisi ya zamani imekwisha. Pita-Tu akalaza shavu mezani, akafumba jicho moja, akachungulia kupitia ukuta wa nyuma mpaka dirisha la mbele, kama mtu aliyesimama ndani.

Ilimfurahisha. Dunia yote ndogo ilijipanga mbele yake kama alivyoambiwa. Shemeji yake akamuuliza kama anaziona swichi. Anaziona. Jukwaa? Lote, pamoja na lile benchi la kuegemea kushoto. Mwenye nyumba akacheka kwa ushindi, akaanza kusafisha brashi zake kwenye kikopo cha mafuta ya taa.

"Ila mlingoti siuoni," Pita-Tu akasema kutoka pale chini. "Ghala limeuziba. Tulisogeze ghala kidogo?"

"Ghala lisiguswe, lipo mahali pake," shemeji yake akajibu bila kugeuka, bado na raha ya kushinda. "Mlingoti ule hauonekani kutoka kibandani. Haukuwahi kuonekana. Sisi tulikuwa tunauamini waya tu, shemeji. Unavuta, waya unakaza, unajua kule mkono umeinama."

Brashi iliendelea kuzunguka kwenye kikopo kwa muda kidogo. Kisha ikasimama.

Pita-Tu hakuinuka. Alibaki na shavu mezani, jicho lake bado kwenye lile dirisha dogo, na mbele ya jicho lake ukuta wa ghala, na kwenye ukuta kile kiraka cha matofali mapya. Alikuwa amelichonga ghala hilo kwa mikono yake. Mlingoti aliusimika yeye. Kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake kwa miezi, kikisubiri tu mtu apige magoti.

"Rudia," akasema.

"Nirudie nini?"

"Hilo ulilolisema sasa hivi."

Mwenye nyumba hakulirudia. Alifanya kile ambacho mtu hufanya ulimi ukimteleza: alianza kusema mengi. Akasema sasa anakumbuka vizuri, ghala lile lilijengwa baadaye, enzi zile pale palikuwa wazi, mtu anaona mpaka mtoni. Aliposema hivyo ndipo Pita-Tu alipoinuka, taratibu, akishika meza. Akaweka kidole kwenye kiraka cha matofali.

"Hili ghala nililigonga mimi siku ile," akasema. "Alama yake umeipaka mwenyewe hapa."

Mwenye nyumba akakitazama kiraka chake alichokipaka kwa brashi ya unywele mmoja. Akasema basi huenda siku ile alikuwa ametoka nje kwenye ngazi. Pita-Tu akamkumbusha kwamba alisema dirishani. Alikuwa analijua neno kwa neno, lile tamko; alikuwa amelala nalo na kuamka nalo, na hakukuwa na sala aliyoihifadhi vizuri kuliko hilo. Kutoka dirishani kwangu. Macho yangu haya mawili.

Kisha mwenye nyumba akakaa kwenye kiti, na ukweli ukamtoka kwa vipande. Treni ile ya asubuhi ilipita kila siku saa hiyo, na njia kila siku ilikuwa tupu; mabehewa yale yaliletwa siku hiyo tu. Kengele ililia, mkono wake ukaenda kwenye chuma chenyewe kwa mazoea, akavuta huku mawazo yakiwa kwingine. Aliposikia kishindo alikirudisha chuma kabla hata hajatazama nje. Alikuwa na mama wa kumtunza na wadogo zake. Alidhani Pita-Tu angepewa onyo tu. Alidhani kwa dereva mzuri kama yeye wakubwa wangefumba jicho. Na baadaye, kila alipotaka kusema, aliona Pita-Tu mwenyewe amekwisha kubali, na akawaza kwamba kumfukulia mtu jambo alilokwisha lizika si hisani.

"Nilikuja kukuomba radhi," Pita-Tu akasema. "Kwako. Nikakuomba radhi, na ukanishika bega."

Mwenzake akaichomoa brashi kwenye kikopo, akaanza kuifuta.

"Hata machozi yale?"

"Yalikuwa ya kweli," mwenye nyumba akajibu haraka, kama mtu anayerudisha angalau kitu kimoja. "Wallahi yalikuwa ya kweli. Nilikuwa nakuonea huruma."

Hilo lilimuuma Pita-Tu kuliko yote. Mtu aliyempaka mafuta kwa mgongo wa chupa alikuwa anamwonea huruma wakati wa kumpaka. Hakupata hasira ya kutosha hata kuinua sauti. Alijifikiria akiwa ukingoni mwa barabara tupu, mtu mzima, akimngoja bibi kizee avuke ili naye avuke. Alimfikiria msaidizi wake, akigeuza uso sokoni. Alikuwa ameuona mkono umeinama. Aliuona. Macho yake hayakuwa na kosa lolote, na yeye ndiye aliyeyatupa, kwa sababu huyu alilia.

Mwenye nyumba aliinuka akaja upande wake wa meza. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya chini, ya kubembeleza. Akataja Jumamosi. Akataja mkuu wa stesheni, na jinsi mzee yule alivyo na tabia ya kuinama na mkongojo wake na kuchungulia kila kitu, hata mabomba. Hatakosa kuchungulia na hapa, na kichwa chake bado ni kizima. Kisha akanyoosha mkono, akakichukua kibanda kutoka kwenye duara la penseli, akakipeleka mwisho wa jukwaa, karibu na tangi la maji.

"Tukiweke pale ulipotaka wewe," akasema. "Panapendeza. Kweli, nilikuwa mbishi tu. Wakiingia watakiona moja kwa moja, na ngazi zako zile."

Pita-Tu alimtazama. Huyu ndiye aliyemrudishia benchi mara tatu.

"Kumbe kinawekwa kwa urembo," akasema.

"Si kwa ajili yangu, shemeji. Kwa ajili ya dada yako."

Dada yake alikuwa anakuja ukumbini wakati huohuo. Walisikia vikombe vikigongana kwenye sinia. Katika ndugu zake wote huyu ndiye aliyebaki upande wake tangu mwanzo. Mtu akimwita kaka yake Pita-Tu mbele yake, atajuta: aliwahi kumfukuza mgeni wa harusi kwa neno hilo, na sahani ya mgeni ikiwa bado imejaa. Pita-Tu alimwona akiingia kwa mgongo, akiusukuma mlango kwa kisigino, na moyo wake ukamkimbilia. Sasa angalau kungekuwa na mtu wa kusikia pamoja naye. Akakichukua kibanda mkononi mwa shemeji yake bila kumnyang'anya, mwenzake akakiachia tu, akakirudisha juu ya duara.

"Mdogo wangu," akasema, "weka chai hiyo, njoo upige magoti hapa uchungulie dirishani. Halafu uniambie kama unauona mlingoti."

Dada aliweka sinia kwenye kiti. Alimtazama mumewe, aliyekuwa amesimama na brashi mkononi bila kujua cha kuifanyia. Akakitazama kibanda. Hakupiga magoti.

"Nimeshachungulia, kaka," akasema.

Mwenye nyumba aligeuka kwa mshangao mkubwa kuliko hata wa Pita-Tu. Ilionekana wazi kwamba hilo hakulijua.

Dada alieleza akiwa anakunja pindo la kanga yake. Mvua zilizopita mumewe alikijaribu kibanda cha kadibodi mahali hapohapo, kabla cha mbao hakijaanza kuchongwa, akatoka kwenda dukani. Yeye ndiye anayefuta vumbi humu, hakuna mwingine. Akainama kufuta, akaona vijidirisha, akachungulia kwa mchezo tu, kama mtoto. Na tamko la mumewe alikuwa analijua kama Pita-Tu anavyolijua, kwa sababu siku ya tamko lile alikuwa amekaa kwenye korido nje ya chumba cha daraja la kwanza, amemshika mama yao mkono.

"Hukuniambia," Pita-Tu akasema.

"Hata yeye sikumwambia." Akamnyooshea mumewe kidevu. "Ningesema nini, kaka? Nimezaa naye. Wajukuu wanakuja kila likizo wanamlalia mapajani. Nikawa najiambia, labda mtalisogeza lile ghala. Kila nikifuta vumbi naangalia kama mmelisogeza."

"Na mimi je?"

"Wewe ulikuwa umeshazoea." Akasema hivyo halafu akasikia alichokisema, akafunika mdomo kwa kanga, lakini neno lilikuwa limekwisha toka. "Nilikuwa nalishukuru goti lako, Mungu anisamehe. Nilijua halitakuruhusu kupiga magoti."

Pita-Tu akakumbuka vikombe vyote vya chai vya mwaka ule. Kila mara alimletea humu humu, akamuuliza kama analala vizuri, kama goti linapoa, akamsifia ngazi alizochonga. Alikuwa akiuliza habari za goti. Shemeji alimuibia macho, na hilo lilikuwa zamani, walikuwa wadogo na waoga. Huyu alikuwa ameyaona yamewekwa mezani, akayafuta vumbi, akayaacha palepale. Alitaka kumlaumu kwa maneno makubwa, hayakuja. Alichosikia ni uchovu, na chini ya uchovu maumivu safi ya mtu aliyegeukwa na wa tumbo moja naye.

Alikwenda dirishani akalijaribu paa kwa ncha ya kidole. Rangi ilikuwa imekauka. Akarudi nalo. Akafungua chupa ya gundi ya mbao, akakigeuza kibanda juu chini, akapaka gundi kwenye kingo zake zote nne bila haraka, jinsi anavyopaka miguu ya kiti asichotaka kirudishwe na mteja.

"Shemeji, tafadhali," mwenye nyumba akasema.

"Kaka, watu wanakuja Jumamosi," dada akasema.

"Najua," Pita-Tu akajibu. "Ndiyo maana inabidi ikauke."

Akakikalisha juu ya duara la penseli. Akakipima na swichi, akakirekebisha kidogo sana ili kikae sambamba na reli, kwa kuwa kazi ni kazi, kisha akakikandamiza kwa vidole viwili. Hakuna aliyemzuia. Gundi ile inataka kushikiliwa, nao wakasimama wote watatu wakiingoja, chai ikipoa kwenye kiti. Kwa mtu anayepita nje na kuangalia dirishani wangeonekana familia moja inayofanya jambo pamoja. Alipoona kimeshika, akapachika paa.

Lilibaki jambo moja. Akazunguka meza mpaka upande wa pili wa ghala, kwenye mlingoti alioutengeneza kwa waya na kipande cha bati. Mkono wake mdogo ulikuwa umenyooka kando. Shemeji yake ndiye aliyeagiza ukae hivyo, na Pita-Tu aliuweka hivyo kwa utii, miezi iliyopita. Akauinamisha kwa ukucha.

"Siku ile ulikuwa hivi," akasema.

Akachukua kofia yake msumarini. Dada yake alimwita mara moja, kwa jina lake halisi, lile la utotoni ambalo hakuna mwingine aliyebaki wa kulitumia, naye akalisikia, akapita ukumbini, akafungua mlango wa mbele, akaufunga nyuma yake kwa utaratibu.

Nje jua lilikuwa kali. Watoto wawili wenye mpira walimwona anakaribia ukingo wa barabara, wakaanza kucheka mapema, wakimngojea asimame. Aliangalia kushoto. Akaangalia kulia. Barabara ilikuwa tupu, aliiona ni tupu. Akavuka, peke yake, na upande wa pili hakujua aende kwa nani.